Nilivyofufua mtambo wa muziki wa marehemu baba

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi kitu kikiharibika mwisho wake huwa ni stoo. Chungulia stoo ya familia yoyote iliyoishi Eldoret tangu siku ambapo wazee waliuita mji huu 64, kabla haujapewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na utakuta cherehani isiyo na mkanda, redio ya mbao, pasi ya makaa na baiskeli isiyo na mnyororo. Kila kimoja kina mtu anayetaka kitupwe, na mwingine anayeomba kingoje kidogo.

Nyumbani kwa mama kitu hicho kilikuwa jukiboksi.

Vijana wa leo, ambao muziki wao wote uko ndani ya simu, huenda hawajawahi kuiona. Ni kabati kubwa lenye kioo mbele, taa za rangi na vitufe vya herufi na tarakimu. Mteja wa baa hutumbukiza sarafu, akabonyeza wimbo autakao, na mkono wa chuma ndani ya kabati huchagua santuri moja kati ya nyingi, huilaza juu ya sahani inayozunguka, na muziki ukaanza. Wimbo ukiisha, mkono hurudisha santuri mahali pake na kungoja amri nyingine. Yote hayo bila kompyuta yoyote. Ni mota, gia, sumaku za umeme na swichi tu.

Baba aliinunua kuukuu mwaka wa 1976 kwa ajili ya baa yake ndogo kando ya Barabara ya Uganda. Ilikuwa Rock-Ola, iliyoundwa Chicago, yenye nafasi ya santuri 50, yaani nyimbo 100 ukihesabu pande zote mbili. Watu wengi hudhani jina hilo linatokana na muziki wa roki, lakini ni jina la mwenye kiwanda, David Rockola, mzaliwa wa Kanada. Kabla ya kuingilia muziki alitengeneza mizani za kutumia sarafu, na katika miaka ya 1930 ile michezo ya kurusha vigololi kwenye ubao wenye kioo. Ukiifungua mashine yake utaona ni kazi ya mtu aliyejua mengi kuhusu sarafu na swichi.

Mwaka wa 1988 mota ya kuzungusha sahani iliungua. Kaseti zilikuwa zimekwisha kushika soko, na baba akanunua redio kaseti. Baa ilifungwa 1994, naye baba akatuaga 2011. Mimi ni kitinda mimba. Niliujua mtambo ule kama mahali pa kuwekea magunia ya mahindi. Sikuwahi kuusikia ukilia hata siku moja.

Mkataba na mama

Agosti 2023 mama aliamua kwamba stoo ile igeuzwe chumba cha kupangisha. Wanafunzi wa vyuo wanatafuta vyumba kila pembe ya mji huu, na chumba kama kile kingemletea shilingi 3,500 kwa mwezi. Kwa mjane wa miaka 71 hizo si pesa za kuchezea. Mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuja, akaupiga mtambo teke kidogo, akasema atatoa shilingi 3,000.

"Mpe auchukue," mama akasema. "Nimechoka kuishi na jeneza la baba yenu."

Kaka yangu mkubwa hakuwa na pingamizi. Mimi ndimi niliyeomba ungoje. Mama alinitazama, akaniuliza kama kungoja huko kuna kodi. Tukafanya mkataba: nitamlipa shilingi 3,500 kila mwezi kuanzia Septemba, na Pasaka ya 2024 ikifika mtambo uwe unalia au uwe umeondoka.

Mume wangu alipopata habari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama watoto, unakodisha nyumba ya kuweka kabati bovu?" Sikumlaumu. Mwandishi wa makala hana mshahara wa kutupa. Tulikubaliana kwamba karo na chakula havitaguswa, na kila nitakachotumia kitoke kwenye kipato cha makala ninazoandika nje ya kazi. Jambo la pili alilodai ni kwamba Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya familia, hata mtambo ukiwa umebakisha msumari mmoja.

Balbu ya kupima

Mimi nina diploma ya uandishi wa habari. Kuhusu umeme nilijua kubadilisha balbu tu. Kwa bahati nilipata fundi wa redio mwenye umri mkubwa, aliyejifunza kazi wakati wa redio za vali, ambaye ana kibanda katika jua kali. Siku ya kwanza alinikataza kuchomeka mtambo kwenye stima.

"Mama, kitu kilicholala miaka 35 hakiamshwi kwa kofi," alisema.

Alinieleza kwamba amplifaya ya mtambo ule ina kapasita, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, na kwamba vikikaa miaka mingi hukauka ndani. Ukiviwasha ghafla, vinaweza kupitisha umeme ovyo na kuunguza transfoma, ambayo ni ghali na haipatikani dukani. Aidha, kapasita nzima inaweza kukupiga shoti hata baada ya mtambo kuchomolewa. Kwa hiyo kapasita zote kuukuu zilibadilishwa kwanza.

Halafu akanionyesha ujanja wa mafundi ambao ningependa kila mpenda ufundi aujue. Huchukua balbu ya wati 100 ya aina ya zamani, ile yenye waya ndani, na kuiunganisha katika njia ya umeme unaoingia kwenye mtambo, ili umeme wote upitie kwanza kwenye balbu. Kama kuna hitilafu kubwa ndani, balbu huwaka kwa nguvu zake zote, na madhara huishia hapo. Kama mambo ni sawa, huwaka kidogo kisha hufifia. Yetu iliwaka kidogo, ikafifia. Mwanangu wa miaka 11, aliyekuwa ameshika tochi, alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje.

Kazi nyingine haikuhitaji elimu kubwa bali subira. Panya walikuwa wamefanya makao chini ya spika na kutafuna nyaya. Kila waya niliyoigusa niliifunga kipande cha utepe wenye nambari na kuipiga picha kwa simu kabla ya kuifungua. Grisi ya gia ilikuwa imegeuka gundi. Tuliiosha kwa mafuta taa na brashi ya meno, gia baada ya gia, kisha tukaweka oili nyepesi. Sehemu za swichi zinazogusana zilikuwa nyeusi tititi. Msasa ungekwangua madini ya fedha yaliyopakwa juu yake, hivyo fundi alinifundisha kutumia kadi ngumu iliyolowekwa spiriti, unaivuta taratibu katikati mpaka weusi uishe. Swichi za namna hiyo ni nyingi mno. Nilimaliza Oktoba yote nikivuta kadi.

Mizunguko 45

Mota ndiyo iliyotutoa jasho. Niliyempata akiuza alikuwa Marekani, na alikuwa na ya mizunguko 60 tu. Hapa msomaji anisikilize vizuri, kwa maana suala hili huwasumbua wengi wanaoletewa mashine za zamani na jamaa zao walio ng'ambo. Umeme wa Marekani hukamilisha mzunguko mara 60 kwa sekunde. Wetu wa Kenya ni mara 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mizunguko hiyo, na mota za aina ile hufuata mizunguko. Kwa hivyo mota ya Marekani ikiwa Eldoret huenda kwa kasi ya tano juu ya sita. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika itazunguka mara 37 na nusu, na mwimbaji wa kike atasikika kama mzee mwenye mafua.

Fundi hakubabaika. Kijiti cha mota hugusa gurudumu la mpira, na gurudumu hilo ndilo husukuma ukingo wa sahani. Kijiti kikiwa kinene zaidi, sahani huenda kasi zaidi. Kilichohitajika ni unene uongezwe mara moja na moja ya tano. Kijiti cha milimita 5 kiwe 6. Tulienda kwa kijana mwenye mashine ya kukerezea vyuma, akakereza bushi ndogo ya shaba ya kuvisha kijiti hicho. Alichukua nusu saa, akadai shilingi 800. Alipoambiwa ni ya kuchezea muziki alitaka kujua kama muziki wenyewe una faida yoyote. Nilimwambia nitamjibu baada ya Pasaka.

Sarafu nazo zilikuwa na kisa chao. Kikagua sarafu cha mtambo kilitegeshwa kupokea shilingi ya zamani, ile kubwa ya kipenyo cha takriban milimita 28 yenye sura ya Mzee Kenyatta au ya Moi. Kuna kipimo cha ukubwa, na kuna sumaku ya kunasa vipande vya chuma ambavyo wateja wajanja walitumbukiza badala ya pesa. Shilingi ya sasa yenye twiga, iliyotolewa 2018, ni ndogo na ndani yake ni chuma cha pua kilichopakwa nikeli. Kwa mtambo ule, pesa halali ya Jamhuri ya leo ni bandia. Inanaswa na sumaku na kukaa pale kama mhalifu.

Mwandiko niliouona

Mapema Februari nilifungua sehemu ya juu kusafisha kioo. Ndani yake mna vikaratasi vyenye majina ya nyimbo, kila kimoja kando ya nambari yake. Vilikuwa vimegeuka rangi ya chai, lakini wino ulisomeka. Nilikuwa nimeona mwandiko ule mara nyingi katika barua nilizoletewa shule ya bweni.

Jioni nilimkuta mama akipukuchua mahindi. Nikamuuliza nani aliandika majina ya nyimbo.

"Nani mwingine? Baba yako alijua kutia sahihi tu."

Aliendelea kupukuchua. Kisha, bila kuulizwa, akanieleza kwamba kila mwisho wa mwezi alipanda basi hadi Nairobi, akaenda maduka ya muziki ya River Road, akachagua santuri mpya. Alijua wateja wake. Madereva wa malori ya kwenda Malaba walitaka rumba ya Franco. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Rivatex walikuwa wa kila kabila, hivyo palihitajika Daudi Kabaka, D. O. Misiani na Joseph Kamaru. Wakulima waliotoka kuuza ngano walimtaka Kipchamba arap Tapotuk, na wakishalewa walimtaka Jim Reeves. Les Wanyika walipendwa na wote. Aliniambia kwamba katika mtambo ule hakuna kabila lililokosa wimbo, kwa sababu kabila likikosa wimbo, shilingi zake hukosekana.

Nimefikiria sana maneno hayo. Mji huu ulipita katika machungu ya 1992 na ya 2007/08, na wengi wetu tulikua tukidhani majirani hawajawahi kusikilizana. Vikaratasi vile vyasema kwamba angalau katika chumba kimoja, mtu wa kabila moja alilipia wimbo na wa kabila lingine akausikiliza hadi mwisho, akingoja zamu yake.

Bonde la Ufa halikuanza jana kuupokea muziki wa mashine. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakiimba kuhusu kiumbe waitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika huko kwa gramafoni. Walimsikia mgeni ndani ya sanduku, wakampa umbo na wimbo wao wenyewe.

"Kama wewe ndiwe uliyechagua nyimbo," nikamuuliza mama, "kwa nini unauchukia mtambo?"

Akaweka gunzi chini. "Mtambo ulikuwa wa baba yako. Kazi ilikuwa yangu." Siku hizo mwanamke mwenye heshima zake hakuketi ukumbini. Yeye alikuwa jikoni nyuma, akichemsha supu na kuhesabu soda. Msomaji wa makamo atakumbuka kwamba nyimbo nyingi za bendi zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri, hivyo zilikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Na ni upande wa pili ambapo magitaa huchemka. Mteja mwenye shilingi moja husikiliza sehemu ya kwanza, kisha mwenzake anabonyeza kitu kingine. "Miaka kumi na miwili," mama akasema, "nimenunua nyimbo ambazo sijui zinaishaje."

Pasaka

Sindano mpya ilifika Machi. Pasaka ya mwaka ule iliangukia Machi 31, na jamaa walikuwa wamekusanyika. Kaka alikuja na mgeni kutoka Nairobi, mkusanyaji wa vitu vya kale, aliyekuwa tayari kulipa shilingi 120,000 papo hapo mtambo ukionyesha unafanya kazi. Kaka alikuwa na sababu. Binti yake alikuwa amepungukiwa karo ya chuo kikuu kwa shilingi 45,000, na kila mmoja wetu alijua hivyo.

Mama alitoka chumbani na kopo la Kimbo. Ndani mlikuwa na shilingi za zamani, zile za mwisho kutolewa katika mtambo 1988. Akatumbukiza moja, akabonyeza herufi na nambari bila kutazama karatasi. Mkono wa chuma ukatembea, ukasita kidogo, ukachukua santuri. Sauti ilikuja na mikwaruzo, lakini ilikuja kwa kasi yake halisi. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, mama aliweka sarafu ya pili na kubonyeza upande wa pili wa santuri ile ile. Watu walikuwa wameanza kuzungumza. Akawanyamazisha kwa mkono.

Mgeni alipofungua mkoba, mama alimwambia ale chakula kwanza, halafu akamwambia mtambo hauuzwi. Kaka alijaribu kumkumbusha karo. "Karo ni yetu sote," mama akajibu, "lakini mtambo ni wangu." Jioni ile tulichanga. Mimi nilitoa 15,000, dada yangu 15,000, na mama mwenyewe akamalizia 15,000 kutoka kwenye pesa za kodi nilizomlipa. Aprili stoo ikapata mpangaji. Mtambo uko sebuleni, mahali palipokuwa na kabati la vyombo. Kaka hakufurahi, na angali anasema tungepata faida. Pengine ni kweli. Lakini binti yake yu chuoni, na akija likizo hupitia kwa bibi yake kusikiliza muziki.

Kwa anayetaka kuanza

Wasomaji wataniuliza gharama. Mota pamoja na usafirishaji ilinitoka 14,600, sindano na kichwa chake 6,200, kapasita na vipuri vidogo 3,850, fundi 9,000, bushi 800, kutia mpira mpya kwenye gurudumu 1,500. Kodi ya miezi saba kwa mama ni 24,500. Jumla ni shilingi 60,450. Nazitaja ili usianze ukidhani ni mchezo wa bure.

Anza na kitu ulicho nacho, usikimbilie kununua. Usikichomeke kwenye stima kabla fundi hajakikagua. Piga picha kabla ya kufungua parafujo yoyote. Weka mapatano na mwenzako nyumbani kuhusu pesa na siku, na uyaheshimu. Washirikishe watoto, wangu amejifunza umeme kwa balbu ile moja kuliko kwa kitabu. Santuri za zamani bado zinapatikana, na kuna kibanda mashuhuri katika Kenyatta Market, Nairobi, ambako utazikuta kwa maelfu.

Zaidi ya yote, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma kuukuu, keti na mzee aliyekitumia kitu hicho na umuulize kilifanya kazi gani, na nani hasa aliyekifanyisha kazi. Wazee wetu hawatangazi mambo haya. Hungoja kuulizwa, na wengine wameondoka wakingoja.